Miradi tele vijijini, lakini nani hupima kama imepunguza umaskini?

KANDO ya barabara nyingi za mashambani humu nchini husimama mabango yanayotangaza jina la mradi fulani, mfadhili wake, kiasi cha fedha zilizotengwa na, aghalabu, jina la mheshimiwa aliyeuzindua. Jambo ambalo mabango hayo hayasemi, na ambalo hata ripoti nene zinazoandikwa baadaye hulikwepa, ni iwapo wakazi wa eneo hilo walipata nafuu kutokana na mradi huo, au wangeipata hata kama mradi usingekuwepo.

Swali hilo si la wasomi pekee. Takwimu za Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) za mwaka wa 2022 zilionyesha kuwa asilimia 39.8 ya Wakenya, yaani karibu wanne kati ya kila kumi, walikuwa wakiishi chini ya kiwango cha umaskini. Kila shilingi inayotumbukizwa katika mradi usiofaa ni shilingi iliyonyimwa mradi ambao ungefaa, na anayelipia kosa hilo si mfadhili wala mheshimiwa bali ni yule mlalahoi anayetajwa katika ukurasa wa kwanza wa ripoti.

Ripoti nyingi huhesabu vitu. Visima vingapi vimechimbwa, vyandarua vingapi vimegawanywa, akina mama wangapi wamehudhuria warsha. Hesabu hiyo ina manufaa yake kwani humwezesha mkaguzi kujua kama fedha zilitumika au zilifujwa. Hata hivyo, haimwambii mtu yeyote kama mtoto aliacha kuugua au kama jioni kulipikwa chakula.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa kwa ufadhili wa Norway huko Kalokol, kwenye ufuo wa Ziwa Turkana, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ukikihesabu kama jengo, mradi ulifaulu: kuta zilisimama na mitambo ikaletwa. Lakini kiwanda kilifanya kazi kwa siku chache tu kabla ya kufungwa, kwa sababu gharama ya umeme wa kugandishia samaki na ya maji safi katika eneo kame kama lile ilikuwa kubwa kupita kiasi. Isitoshe, wengi wa waliokusudiwa kunufaika walikuwa wafugaji ambao utajiri wao waliuhesabu kwa mifugo, si kwa samaki.

Kosa kama hilo la Kalokol angalau huonekana kwa macho. Gumu zaidi kutambua ni mradi unaoendelea vyema, watu wakiushangilia na takwimu zikipanda mwaka baada ya mwaka, ilhali takwimu hizo zingepanda hivyo hivyo bila mradi. Namna ya kuutenganisha mradi wa aina hiyo na ule unaofaa ilijaribiwa, kwa sehemu kubwa, hapa hapa Kenya magharibi.

Katika miaka ya 1990 shirika la Kiholanzi la ICS lilikuwa likizisaidia shule za msingi katika wilaya za Busia na Teso. Mwanauchumi Mmarekani Michael Kremer, ambaye katikati ya miaka ya 1980 alikuwa amefundisha katika shule ya upili karibu na Kakamega, alipata habari kwamba shirika hilo lilitaka kuzisaidia shule saba. Ushauri wake ulikuwa mwepesi: chagueni 14, kisha saba zianze kupata msaada na saba zisubiri. Baada ya muda, tofauti kati ya makundi hayo mawili itawaambia msaada umefanya nini.

Siri ya mpango huo imo katika namna ya kuchagua nani aanze. Shule zikichaguliwa kwa sababu mwalimu mkuu ni mchapakazi, au kwa sababu ziko karibu na lami ambapo gari la mfadhili linafika bila kukwama, basi zitakuwa zimezitangulia nyingine hata kabla ya msaada kufika. Zikichaguliwa kwa kura, au kwa utaratibu mwingine usiompendelea yeyote, wachapakazi na wazembe watajikuta katika makundi yote mawili kwa kiasi kinachokaribiana, matajiri na maskini vilevile, mradi tu shule ziwe nyingi vya kutosha. Tofauti itakayojitokeza baadaye haitakuwa na mzazi mwingine ila mradi wenyewe.

Ubora wa utaratibu huu ulidhihirika katika suala la chati za kufundishia, zile karatasi kubwa zenye michoro ambazo mwalimu huzitundika mbele ya darasa. Watafiti walipolinganisha shule ambazo tayari zilikuwa na chati na zile ambazo hazikuwa nazo, matokeo yalipendeza mno: wenye chati waliwashinda wenzao katika mitihani kwa kiasi ambacho afisa yeyote wa elimu angekifurahia. Kisha shule 178 zikagawanywa, nusu zikapewa chati na nusu zikakosa. Alama za makundi hayo mawili hazikutofautiana. Shule zilizojinunulia chati zilikuwa shule nzuri tangu awali, zenye walimu wenye ari na wazazi wenye chochote mfukoni. Chati ilikuwa dalili ya mambo hayo wala haikuwa chanzo chake. Lau serikali ingeamini ule ulinganisho wa kwanza, ingenunua chati za mamilioni ya pesa kwa shule zote nchini na kungojea muujiza.

Vitabu navyo vilileta mshangao. Nani angebisha kwamba mtoto mwenye kitabu atamshinda asiye nacho? Lakini vitabu rasmi vilipogawanywa katika shule za Busia na Teso, alama za wanafunzi kwa jumla hazikupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari mbele darasani. Maelezo waliyoyatoa watafiti yatamwingia akilini yeyote aliyesomea mashambani: vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto wale kilikuwa lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Kitabu usichoweza kukisoma ni mzigo wa mkoba.

Mradi uliopata sifa ulimwenguni kote ulikuwa wa dawa za minyoo. Kuanzia mwaka wa 1998, Kremer na mwenzake Edward Miguel walifuatilia shule 75 za tarafa za Budalangi na Funyula, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Shule 25 zilianza kupewa dawa mwaka huo, 25 nyingine mwaka wa 1999, na za mwisho mwaka wa 2001. Katika shule zilizotibiwa, utoro ulipungua kwa takriban robo, kwa gharama isiyofika dola moja kwa mtoto kila mwaka. Mayai ya minyoo huenea kupitia udongo uliochafuliwa na kinyesi, kwa hiyo hata watoto ambao hawakumeza dawa walipata nafuu wenzao walipotibiwa. Watafiti waliotangulia, ambao waliwapa dawa baadhi ya watoto wa shule moja na kuwalinganisha na wenzao wa darasa lilo hilo, walikuwa wakiipunja dawa sifa yake bila kujua. Alama za mitihani, hata hivyo, hazikupanda.

Mwaka wa 2019 Kremer alituzwa Nobeli ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, na kazi ya Busia ilikuwa miongoni mwa zilizotajwa. Serikali ya Kenya kwa upande wake ilikuwa imeanza kugawa dawa za minyoo katika shule za umma mwaka wa 2009, kisha kwa mapana zaidi kuanzia 2012, na mamilioni ya watoto wamezimeza tangu hapo.

Msomaji asidhani kuwa mjadala uliishia hapo. Mnamo 2015, wataalamu wa afya kutoka London waliirudia hesabu ile na kugundua makosa, hususan katika madai kwamba manufaa yalivuka hadi shule zilizo mbali. Miguel na Kremer walikubali kuwa makosa yalikuwepo lakini wakashikilia hitimisho lao kuu. Wapo wataalamu ambao, wakizijumlisha tafiti za nchi nyingi, hawaoni manufaa makubwa ya kuwapa watoto wote dawa bila kuwapima kwanza. Wengine nao wanataja ufuatiliaji uliochapishwa mwaka wa 2021, ulioonyesha kuwa miaka 20 baadaye, waliopata dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi ya wenzao walikuwa wakipata takriban asilimia 13 zaidi kwa kila saa ya kazi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, mabishano hayo ni ushahidi wa afya. Data ziliwekwa wazi, mtu akazikagua, kosa likaonekana. Ni ripoti ngapi za miradi yetu zinazoweza kukaguliwa namna hiyo?

Siaya, jirani wa Busia, nayo ina kisa chake, na hiki kinahusu hatari ya kujipima bila jirani wa kujilinganisha naye. Mnamo 2004 kijiji cha Sauri, karibu na Yala, kilichaguliwa kuwa cha kwanza katika Mradi wa Vijiji vya Milenia, ulioongozwa na Profesa Jeffrey Sachs wa Chuo Kikuu cha Columbia kwa ushirikiano na Umoja wa Mataifa. Wazo lilikuwa kushambulia umaskini kutoka pande zote kwa wakati mmoja: mbolea na mbegu bora, vyandarua, zahanati, chakula cha mchana shuleni, maji. Wageni mashuhuri walimiminika Sauri kujionea. Mradi ukaenea hadi nchi kumi za Afrika.

Mafanikio yaliyotangazwa yalikuwa ya kuridhisha. Mazao yaliongezeka, malaria ikapungua, watoto wakaacha kufa ovyo, na hata simu za mkononi zikazidi kuwa nyingi. Kasoro ilikuwa moja. Kipindi hicho hicho, Kenya nzima ilikuwa ikibadilika. Kwa mujibu wa Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya (KDHS), mwaka wa 2003 watoto 115 kati ya kila 1,000 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano; kufikia 2008/09 idadi ilikuwa imeshuka hadi 74. Vyandarua vilikuwa vikigawanywa kila mahali na simu zikinunuliwa kila mahali. Kijiji ambacho hakijawahi kumwona mfadhili hata siku moja kingeweza kuandika ripoti ya kujipigia debe kwa kulinganisha tu hali yake ya kabla na baada.

Wanauchumi Michael Clemens na Gabriel Demombynes walifanya ulinganisho huo mwaka wa 2010. Walichukua takwimu za Sauri, wakaziweka kando ya takwimu za eneo lote la Nyanza na za mashambani kote nchini, na sehemu kubwa ya mafanikio yale ikaonekana kuwa mkondo wa taifa zima. Miaka miwili baadaye, jarida la tiba la Lancet lilichapisha makala ya wasimamizi wa mradi ikidai kuwa vifo vya watoto katika vijiji vya Milenia vilipungua mara tatu zaidi ya kasi ya mataifa husika. Muda si muda wakosoaji walionyesha kuwa hesabu hiyo ilikosewa, na waandishi wakaliondoa dai hilo.

Itakuwa si haki kusema Sauri ilikuwa bure. Tathmini ya mwisho, iliyochapishwa mwaka wa 2018 baada ya mradi kumalizika 2015, ilitafuta vijiji vinavyofanana na vile vya mradi na kuvilinganisha. Kati ya vipimo 40, 30 vilionyesha manufaa, hasa katika kilimo na afya. Thuluthi moja tu ya malengo ndiyo iliyofikiwa. Lakini vijiji vile vya kulinganisha vilitafutwa mwishoni, baada ya miaka kumi. Vingetafutwa mwanzoni, mabishano mengi yangeepukika, na labda makosa mengine yangerekebishwa mradi ungali hai.

Katika kaunti iyo hiyo ya Siaya, utafiti mwingine ulipangwa tofauti tangu siku ya kwanza. Shirika la GiveDirectly liliwapa fedha taslimu, takriban dola 1,000 kwa kila familia, zaidi ya familia maskini 10,500. Vijiji vilivyohusika vilikuwa 653 na vya kupewa viliteuliwa kwa bahati nasibu. Wengi walihofia kwamba pesa za bure zingepandisha bei sokoni na kuwaumiza ambao hawakupewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2022 yalionyesha bei zikipanda kwa kiasi kidogo mno, na kila dola iliyoingia ikizalisha karibu dola mbili na nusu katika uchumi wa eneo hilo, kwani mpokeaji alinunua kwa muuza duka, naye muuza duka akamlipa fundi. Majirani nao walifaidika. Mnamo 2025 watafiti hao waliongeza kuwa vifo vya watoto wachanga katika familia zilizopokea fedha hizo vilipungua kwa karibu nusu.

Baada ya kusoma matokeo kama hayo, waziri yeyote angeshawishika kusema: basi, tufanye hivyo nchi nzima. Hapo ndipo kisa cha walimu wa kandarasi kinapohitajika.

Mnamo 2005, katika shule za Kenya magharibi, ICS ilizipa kamati za wazazi fedha za kuajiri mwalimu wa ziada kwa mkataba wa muda, kwa mshahara mdogo kuliko wa mwalimu wa serikali. Watoto waliofunzwa na walimu hao walifanya vizuri zaidi. Serikali ikavutiwa na kuamua kuajiri walimu 18,000 wa aina hiyo. Kabla ya hapo lilifanyika jaribio la busara: shule 192 kutoka mikoa yote minane ziligawanywa makundi matatu. Katika kundi la kwanza walimu wa kandarasi waliajiriwa kupitia shirika la World Vision, katika la pili kupitia Wizara ya Elimu, na la tatu halikupata mwalimu wa ziada.

Chini ya shirika, alama zilipanda kama zilivyopanda mara ya kwanza. Chini ya wizara hazikupanda hata chembe. Mradi ulikuwa ule ule, mkataba ule ule, nchi ile ile. Kilichobadilika ni msimamizi. Mishahara ilicheleweshwa, ukaguzi ulilegea, na chama cha walimu KNUT kilikuwa kikipigania walimu hao waajiriwe kwa masharti ya kudumu, jambo ambalo ni haki ya chama chochote cha wafanyakazi kulidai. Mwalimu aliyejua kuwa mkataba wake utageuka ajira ya kudumu, na kwamba hakuna atakayemkagua, hakuwa tena yule mwalimu aliyepimwa mwaka wa 2005.

Kwa hivyo anayesema kuwa mradi fulani umethibitishwa kufaa anastahili kuulizwa: umethibitishwa ukiendeshwa na nani? Shirika dogo lenye magari, simu na wakaguzi wanaofika bila taarifa si sawa na ofisi ya kaunti inayongoja fedha kutoka Hazina Kuu kwa miezi mitatu.

Kuna pia suala la maadili, na hili wananchi hulielewa upesi kuliko wataalamu. Ni haki kupiga kura kuamua maskini yupi asaidiwe? Fedha zinapokuwa haba kuliko wahitaji, kura huenda ikawa ya haki kuliko kumjua chifu au kuwa mjomba wa mwanakamati. Lakini si kila jaribio ni la kutoa. Mnamo 2020 ghadhabu ilizuka mitandaoni baada ya kuchapishwa kwa utafiti uliohusisha Benki ya Dunia na kampuni ya maji ya Nairobi katika mtaa wa Kayole-Soweto. Wenye nyumba waliokuwa na madeni ya maji waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi yao wakitumiwa ilani na kukatiwa maji, ili ijulikane kama hatua hiyo ingewafanya walipe. Watafiti walijitetea kwamba kukata maji ya wadaiwa ni sera ya kawaida ya kampuni. Hata hivyo, wanywaji wa maji hayo walikuwa wapangaji, wengi wao wasio na usemi kuhusu bili wala kuhusu utafiti. Kumpima mtu bila kumwarifu, tena kwa kitu asichoweza kuishi bila hicho, ni jambo ambalo neno sera haliwezi kulihalalisha.

Aidha, mambo makubwa hayapimiki kwa kura. Huwezi kuzipa nusu ya kaunti ugatuzi na kuzinyima nusu, wala huwezi kuanzisha elimu ya msingi bila malipo, kama ilivyofanyika 2003, kwa watoto waliobahatika pekee. Katika mambo hayo tegemeo pekee ni takwimu za taifa zinazokusanywa mara kwa mara na kwa uaminifu. Hapo Kenya haijawa mfano mwema siku zote: kati ya utafiti wa bajeti za familia wa 2005/06, uliokuta umaskini ukizidi asilimia 45, na ule wa 2015/16, ulioukuta asilimia 36.1, ilipita miaka kumi. Katika miaka hiyo katiba mpya ilipitishwa na serikali za kaunti zikaundwa, na mabilioni ya CDF yakatumika, bila kipimo kipya cha aina hiyo cha umaskini wenyewe.

Utafiti wa KDHS ndio uliojaza pengo hilo kwa upande wa afya. Umefanywa tangu 1989, na ule wa 2022 ulikuta vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vimeshuka hadi 41 kwa kila 1,000. Takwimu zake ndizo zilizowawezesha Clemens na Demombynes kuihoji Sauri, kwani bila idadi ya Nyanza na ya nchi nzima wasingekuwa na cha kulinganisha. Kwa miongo minne tafiti kama hizo katika mataifa mengi zilitegemea mpango mmoja uliofadhiliwa na shirika la misaada la Marekani, USAID. Mpango huo ulisitishwa Februari 2025, miezi michache kabla ya shughuli za USAID yenyewe kukomeshwa, na ingawa Wakfu wa Gates ulijitokeza baadaye mwaka huo kufadhili sehemu ya kazi hiyo, ulifanya hivyo kwa muda tu. Wizara ya Fedha, ambayo kila mwezi Juni husomewa bajeti yake bungeni, bado haijazoea kuulizwa na wabunge ni kiasi gani imetenga kwa ajili ya kuhesabu watoto waliopona.